Galaxy A55 kwa muuza vitenge: ichukue, lakini si ya GB 128

Swali: Habari za kazi kaka. Nauza vitenge hapa Mwanza na wateja wangu wengi nawapata WhatsApp na Instagram. Simu niliyonayo imejaa, kila asubuhi lazima nifute picha ndipo nipige nyingine. Dukani nimeonyeshwa Samsung Galaxy A55 ya GB 128. Mume wangu anasema kwa hela hiyohiyo napata S22 ya mtumba kutoka Dubai, ambayo ni simu ya hadhi zaidi. Mdogo wangu anasema nachezea pesa, nichukue Tecno au Infinix yenye RAM 16. Natumia laini mbili, Voda kwa ajili ya M-Pesa na Airtel. Nataka simu nikae nayo miaka minne. Naomba unieleze uzuri na ubaya wa hiyo A55.

Jibu: Salama dada yangu, na pole kwa hilo zoezi la kufuta picha kila asubuhi.

A55 inaifaa kazi yako, ila hiyo ya GB 128 iache hapohapo kabatini. Tafuta ya GB 256. Watu wengi watakuambia udhaifu wa simu za daraja la kati ni kamera au kasi. Kwako wewe udhaifu wa A55 uko kwenye kile kitrei cha laini kinachochomolewa kwa kipini.

Kitrei hicho kina nafasi mbili tu. Ya kwanza ni ya laini. Ya pili ni ya laini au memori kadi, uchague kimoja. Kwa kuwa hela za wateja zinaingia M-Pesa na Airtel Money, hutakubali kuchomoa laini hata moja, kwa hiyo memori kadi imekosa pa kukaa. Muuzaji akikwambia "inakubali memori kadi" hajakudanganya, ila hajui unatumia laini mbili. Njia ya kupita hapo ni eSIM, yaani laini isiyo na kadi. Kuna A55 zenye eSIM na zisizo nayo, kutegemea zilitengenezwa kwa soko lipi. Ili kujua, bonyeza *#06# hapo dukani. Zikitokea namba za IMEI peke yake, yaani namba za utambulisho wa simu, hakuna eSIM. Ukiona pia namba ndefu iliyoandikwa EID, ipo, na hapo unaweza kwenda kwa kampuni yako ya simu kuuliza kama watakuhamishia laini moja huko.

Lakini hata ukifanikiwa kuweka kadi, haitakutibu. Kamera inaweza kuhifadhi picha kwenye kadi, sawa. WhatsApp haiwezi. Picha, video na sauti zake zote hukaa kwenye memori ya ndani ya simu, na WhatsApp ndiyo duka lako. Kibaya zaidi, kila picha unayomtumia mteja, programu inajiwekea nakala yake kwenye folda la vilivyotumwa. Kitenge kimoja ukikipiga picha mara tano na kuzituma zote, una picha tano za kamera na nakala tano za WhatsApp. Ongeza na zile "dada una hii?" ambazo wateja hukutumia wakiwa wamezitoa kwa wauzaji wengine, nazo zinajishusha zenyewe. Ndiyo maana simu yako inajaa hata siku ambazo hukupiga picha nyingi.

Kwenye hiyo GB 128, mfumo wenyewe wa simu hula karibu robo kabla hujaweka chochote. Kinachobaki ndicho kiko tayari kwa kazi, na dakika moja tu ya video ya 4K inakula zaidi ya MB 300. Mtu anayepiga simu na kusoma habari GB 128 zitamtosha miaka yote minne. Wewe utarudi kwenye kufuta picha kabla ya mwaka wa pili. Ya GB 256 kwa kawaida huja na RAM, yaani memori ya kuendeshea programu, ya GB 8, nayo inatosha kabisa. Na simu yoyote utakayonunua, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp sehemu ya hifadhi na data, uzime picha na video zisijipakue zenyewe. Usingoje simu mpya, lifanye leo kwenye hiyo ya zamani, utapata nafuu jioni hii hii.

Sasa kamera, maana picha ndizo zinazokuuzia. Kamera kuu ya A55 ni megapikseli 50 na ina kitulizi cha lenzi, kile kinachofidia mkono unaotetemeka. Hicho ndicho cha kulipia, kuliko hesabu ya megapikseli. Kwa kawaida simu huunganisha vidoa vinne vya picha (pikseli) kuwa kimoja na kukupa picha ya megapikseli 12 na ushei, na hiyo kwa Instagram ni zaidi ya unachohitaji. Kitulizi kinakusaidia ndani ya duka lenye taa moja ya dari, ambako simu nyingi za bei ya chini hutoa picha yenye ukungu kwa sababu zinaacha lenzi wazi muda mrefu na mkono haukutulia.

Kamera ya pili, ile ya kuchukua eneo pana, ni megapikseli 12. Itakufaa kuonyesha rafu zote za duka. Usiitumie kupiga kitenge kimoja, maana itakivuta pembeni na mteja ataona maua makubwa kwenye kona na madogo katikati. Ya tatu ni ya megapikseli 5 kwa vitu vya karibu sana, na kwa maoni yangu imewekwa ili boksi liandikwe kamera tatu. Ukitaka kuonyesha uzito wa kitambaa, tumia kamera kuu, rudi nyuma hatua, vuta mara mbili. Lenzi maalumu ya kuvuta mbali haina, na hapo ndipo S22 ya mumeo inaishinda waziwazi. Lakini kitenge hakikimbii, unaweza kukisogelea.

Kuna jambo moja la rangi ambalo litakugharimu wateja usipolijua. Kioo cha A55 ni cha AMOLED, cha inchi 6.6, na kinakuja kikiwa kimewekwa kwenye mtindo wa rangi kali. Kitenge cha bluu ya bahari utakiona kinawaka. Mteja aliyeko Bukoba anaangalia kwenye simu yenye kioo cha kawaida, anaona bluu nyingine, na kitambaa kikimfikia anaona ya tatu. Nenda mipangilio ya onyesho, mtindo wa skrini, uchague rangi asilia badala ya zile kali. Kwa siku mbili utaona kioo kimepooza, baadaye jicho litazoea, na utakachokiona wewe kitakuwa karibu na kitambaa chenyewe.

Kisha namna ya kupiga. Tandaza kitenge karibu na mlango, kivulini, si juani wala chini ya taa ya njano. Gusa kwenye kioo pale penye rangi unayotaka itoke sawa, bonyeza ushikilie mpaka simu ijifunge hapo, ndipo upige. Usipofunga, kila ukisogea simu inajipangia mwanga upya, na picha tano za kitenge kilekile zinatoka rangi tano. Vitenge vyenye vimistari vyembamba vilivyobanana vitakusumbua kwa namna nyingine: picha inatoka na mawimbi ya ajabu ambayo kwenye kitambaa hayapo. Hilo linazikuta kamera zote za simu. Geuza simu kidogo au badilisha umbali, mawimbi yanapotea.

Nikiacha picha, kioo hicho hicho ni sifa kubwa ya simu hii na pia ndiyo hofu yangu kubwa juu yake. Kinang'aa vya kutosha kusomeka juani, kinateleza laini kwa sababu kinajichora mara 120 kwa sekunde, na kimefunikwa kwa Gorilla Glass Victus+, kioo kigumu kuliko cha mtangulizi wake A54. Kigumu, si kisichovunjika. Nyuma nako ni kioo, na simu ina gramu 213, inajisikia mkononi. Ikidondoka kwenye sakafu ya vigae ukakipasua, utakutana na fundi atakayekupa bei mbili, ya kioo OG, yaani halisi, na ya kioo kopi. Bei ya kopi inashawishi sana. Lakini alama ya kidole kwenye A55 inasomwa kupitia kioo chenyewe, na vile vya kopi ambavyo si AMOLED haviruhusu mwanga kupita, kwa hiyo kidole hakifanyi kazi tena. Utakuwa unaandika namba ya siri mbele ya wateja kila ukitaka kufungua simu. Weka kava lenye kingo zilizoinuka na protekta siku ileile ya kununua.

Maji ni habari njema. Simu ina kiwango cha IP67, maana yake imepimwa kukaa kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Mvua ya ghafla au ndoo jikoni haitaiua. Ziwa Victoria ni maji baridi, kwa hiyo wewe una nafuu kuliko wenzako wa Dar na Zanzibar, ambao ikizama baharini lazima waisuuze chumvi. Ila usiitumbukize kwa makusudi, kwani waranti nyingi hazilipi uharibifu wa maji, na fundi akishaifungua kubadilisha kioo, ile gundi ya kuzuia maji imekwisha kazi.

Tuje kwenye miaka yako minne, maana hapa ndipo mume wako anapopoteza hoja. Samsung iliitoa A55 Machi 2024 ikiwa na Android 14, ikaahidi matoleo mapya manne ya Android na masasisho ya usalama kwa miaka mitano. Miaka hiyo inahesabiwa kuanzia modeli ilipozinduliwa kwa ulimwengu mzima, siyo siku wewe uliyolipa. Kwa hiyo mwisho ni mwaka 2029, hata uinunue lini. S22 ilitoka Februari 2022 na Android 12. Ina ahadi ileile ya matoleo manne na miaka mitano, na ukipiga hesabu inaishia 2027. Simu haizimiki siku hiyo, itaendelea kupiga na kupokea. Lakini mianya mipya ya wezi wa mtandaoni haitazibwa tena, kwenye simu inayobeba M-Pesa, Airtel Money na pengine programu ya benki. Mimi nisingemshauri mfanyabiashara hivyo.

Halafu betri. S22 ya kawaida ilizaliwa na betri ya mAh 3,700, ndogo hata ilipokuwa mpya. A55 ina mAh 5,000. Mtumba wa Dubai umeshachajiwa mamia ya mara, na betri ya lithiamu kila mzunguko inapungua. Wewe unayeshinda kwenye WhatsApp na kurekodi video utakuwa umeshika chaja saa nane mchana. Naikubali S22 kwa mambo mengine: prosesa yake ina nguvu zaidi, lenzi yake ya kuvuta ni halali, na inakaa vizuri mkononi kwa udogo wake. Angekuwa ananunua mumeo mwenyewe, anapenda kupiga picha za mpira uwanjani na ana simu nyingine ya kazi, ningenyamaza.

Mtumba una hatari nyingine siku hizi: simu za mkopo. Mtu anachukua simu kwa kulipa kidogokidogo, anaiuza kabla hajamaliza deni, na mwenye mkopo anaifunga kwa mbali ikiwa mikononi mwako. Wakikushawishi mpaka ukachukua ya mtumba, waambie waifute yote palepale dukani, iwake upya, uiunganishe na intaneti, na ufike mpaka skrini ya kwanza kwa akaunti yako mwenyewe. Isipoulizia akaunti ya mtu mwingine wala kuleta ujumbe wa mkopo, angalau umevuka hapo.

Mdogo wako naye mpe maelezo haya kwa upole. Ile RAM 16 iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi mara nyingi ni 8 ya kweli na 8 ya kuazima. Simu inakata kipande cha memori ya kuhifadhia na kukitumia kama RAM, ambacho ni polepole zaidi na kinakupunguzia nafasi ya picha. Samsung nao wana kitu hichohicho, ila hawakijumlishi kwenye boksi. Pamoja na hayo, Tecno na Infinix za daraja hili zina hoja zao. Nyingi zinakuja na chaja yenye nguvu ndani ya boksi, na kwa hela ileile unapata memori kubwa zaidi. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: modeli hii imeahidiwa matoleo mangapi ya Android, na usalama miaka mingapi? Akibaki anakutajia megapikseli, umeshapata jibu.

Kuhusu chaja, boksi la A55 halina. Utakuta waya tu. Simu inapokea wati 25 na kujaa kunachukua kama saa moja na nusu, mwendo wa wastani, na wenzake wa China wanaicheka kwa hilo. Ukinunua chaja, siyo kila iliyoandikwa wati 25 itatoa wati 25 kwenye Samsung. Inatakiwa iwe ya Type-C pande zote mbili na yenye mfumo unaoitwa PPS, huwa umeandikwa kwa herufi ndogo kwenye mwili wa chaja. Ukiichomeka kioo lazima kiandike "Super fast charging". Kikiandika "Fast charging" tu, rudisha. Tundu la earphone za waya wa zamani nalo halipo, na maiki ya kola ya kurekodia video tafuta ya Type-C.

Kasi sina mengi ya kusema. Prosesa yake ni Exynos 1480, na kwa kukata video za dakika moja, kufungua WhatsApp na Instagram kwa pamoja na kurusha matangazo ya moja kwa moja, hutaona inakwama. Watoto wakiikamata wakacheza magemu mazito nusu saa, itapata joto na kupunguza mwendo yenyewe. Hiyo ni sababu nzuri ya kutowapa.

Kuna ndugu wawili wa simu hii ambao muuzaji hakukuonyesha. Mmoja ni A56, iliyotoka Machi 2025. Inachaji kwa wati 45, ni nyepesi kidogo, na imeahidiwa matoleo sita ya Android na usalama wa miaka sita, mpaka 2031. Imeondolewa kabisa nafasi ya memori kadi, lakini tumeshaona kwamba wewe kadi haikusaidii. Kama tofauti ya bei kati ya A55 na A56, zote za GB 256, ni ya kununulia kitenge kimoja au viwili, ongeza uchukue A56. Kwa miaka minne unayoitaka, hiyo ndiyo inayofika bila kubishaniwa.

Mwingine ni A35, pacha wa A55 wa mwaka uleule. Ina kioo cha inchi 6.6 cha aina hiyohiyo, betri ileile, IP67 ileile, ahadi ileile ya masasisho, na kamera kuu ya megapikseli 50 yenye kitulizi. Ilichopunguziwa ni fremu, ambayo ni ya plastiki badala ya aluminiamu, prosesa ni ya mwaka mmoja nyuma, kamera ya eneo pana ni megapikseli 8 na ya selfi ni 13 badala ya 32. Kama wewe mwenyewe husimami mbele ya kamera ya selfi kurusha matangazo, sioni kinachokukosesha usingizi hapo. A35 ya GB 256, na chenji ikanunua chaja ya kweli, stendi na taa ya kupigia picha, itakuuzia vitenge kuliko A55 ya GB 128 peke yake. Nimeiweka nyuma ya A55 kwa sababu prosesa yake itachoka mapema mwaka wa nne, si kwa sababu ya picha.

Siku ya kununua usiende jioni na haraka. Hakikisha boksi limefungwa na modeli kwenye mipangilio inaanza na SM-A556. Bonyeza *#0*#, ukurasa wa majaribio wa Samsung utafunguka. Gusa nyekundu, kijani na bluu moja baada ya nyingine uangalie kama kuna kidoa au kivuli kwenye kioo. Tuma namba ya IMEI kwenda 15090 kwa ujumbe mfupi, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, watakurudishia aina ya simu waliyonayo kwenye kumbukumbu zao, na jina hilo lilingane na simu uliyoshika. Weka laini zako zote mbili, piga simu kwa kila moja, kisha angalia salio la M-Pesa na la Airtel Money ukiwa hapohapo kaunta. Mwisho dai risiti ya EFD na uone IMEI imeandikwa kwenye kadi ya waranti pamoja na muhuri wa duka, maana bila hivyo, simu ikizima mwezi wa pili, utaanza kubishana kama ulinunua kwao.